Mstari wa Mzee Soli

"Karatasi huibika," alisema Katibu, amesimama mbele ya mkutano mkuu wa tawi, katiba ya chama mkononi. "Lakini mtu aliyesimama kwa miguu yake mwenyewe, nani atamwiba?"

Ukumbi ukarindima kwa makofi. Watu walikuwa na donda lao. Katika uchaguzi uliopita walihudhuria wanachama mia moja na sitini, wakahesabiana wenyewe mlangoni, lakini sanduku lilipofunguliwa zikatoka kura mia mbili na kumi na moja. Kinyozi, ambaye kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa ofisi ya tawi, alisema siku ile kwamba bila shaka kura zilizaliana humo gizani. Watu wakacheka, wakaenda zao nyumbani, na Mwenyekiti akabaki kuwa mwenyekiti.

Safari hii Katibu alikuwa amejiandaa. Alikuwa na miaka ishirini na minne, amemaliza chuo mwaka uliotangulia, na kwa kuwa kazi haikupatikana alijitolea kwenye tawi: kufagia ukumbi, kupanga viti, kuandika kumbukumbu za vikao. Aliandika vizuri hata wazee wakawa wanamwomba awasomee tena, wasikie maneno yao yalivyopendeza. Ndipo wakamchagua katibu. Jina lake likasahaulika. Mtaa mzima, hata mama yake mzazi, ukamwita Katibu. Naye aliamini kwa moyo wake wote kwamba mambo ya watu huharibika kwa sababu hakuna aliyekaa kitako akaandika kanuni nzuri.

Basi akaandika kanuni kumi na mbili. Wapiga kura wangejipanga mstari nyuma ya mgombea wanayemtaka, uwanjani, mchana kweupe. Wagombea wangeelekea ukutani na kuwapa watu mgongo, ili asiwepo wa kutishwa kwa jicho. Mistari ikishajipanga, zingetolewa dakika kumi za kutafakari, ili aliyekurupuka apate kuhama kwa hiari yake. Na katibu, kwa kuwa ndiye mhesabu, hangepiga kura. Mkutano ulipitisha zote kwa kunyoosha mikono. Mwenyekiti mwenyewe, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alinyoosha mikono yote miwili, watu wakacheka.

"Amekuunga mkono?" mama yake alimuuliza baadaye. Mama alikuwa fundi cherehani. Alishonea kwenye baraza ya ofisi ile ile ya tawi, hatua chache kutoka mlango wa Mwenyekiti, na wakati akiuliza hakuinua macho kwenye pindo la sketi.

"Mikono miwili, mama."

"Mwanangu, ukiona mwizi anakusaidia kufunga mlango, jua yumo ndani."

"Mama, wewe humwamini mtu."

"Naiamini cherehani. Nayo hukata uzi."

Mwenyekiti aliitwa Bwana Muhuri, ila si mbele yake. Chama kilishika pia uongozi wa mtaa, na yeye ndiye aliyekaa na muhuri. Bila muhuri hupati barua ya utambulisho, na bila barua ya utambulisho wewe ni kivuli tu: huandikishi mtoto shule, humdhamini ndugu yako kituoni, na hata ukifa, waliobaki watazunguka na maiti yako mpaka karatasi ipate lile duara la bluu.

Nyuma ya ofisi ulipita mtaro mkubwa wa maji ya mvua, kina chake kikimzidi mtu mzima. Zamani ulikuwa na mifuniko ya zege. Ikaondolewa ili mtaro usafishwe. Mtaro haukusafishwa, wala mifuniko haikurudi. Kumi na minne kati yake ikaonekana imelazwa vizuri kwenye njia ya kuingilia nyumbani kwa Mwenyekiti, gari lake lisikwame kwenye tope. Hakuna aliyeificha. Kila aliyekwenda kuomba muhuri aliikanyaga, akapangusa viatu, akasema hodi.

Watoto walivuka mtaro kwa ubao mmoja kwenda shule.

Mmoja wao alikuwa mjukuu wa fundi viatu. Fundi viatu alikaa kwenye baraza ile ile, upande wa pili wa cherehani, na watu walimwita Mzee Soli. Mtoto walimwita Kifungo. Jina hilo alipewa na mama yake Katibu, kwa sababu kila akitoka shule kazi yake ilikuwa kutambaa chini ya cherehani kuokota vifungo vilivyodondoka, na ujira wake ulikuwa kifungo kimoja, cha rangi aitakayo. Alikuwa na miaka sita. Mwezi wa mvua ubao ukalowa. Walimpata mbali, karibu na daraja la barabara kuu, mkoba wa shule ungali mgongoni. Mwenyekiti alizungumza msibani. Alisema hiyo ni mipango ya Mungu, akaomba watu wasiingize siasa kwenye msiba.

Siku ya nne Mzee Soli alirudi kazini, akaketi kwenye kigoda chake, akaanza kugonga. Hakusema neno kwa wiki nzima. Ilikuwa ajabu, maana mzee yule aliwajua watu kwa nyayo. Ameinamia kiatu, kichwa chini, alikuwa akikuita kabla hujafika: "Karibu mwalimu, kisigino cha kushoto kimeanza tena." Sasa nyayo zilipita, asiite mtu.

Katibu ndiye aliyemwendea.

"Babu, shikamoo."

"Marahaba."

"Babu, nataka ugombee uenyekiti."

Mzee Soli akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba. "Mimi? Mimi mtu wa kushika nyundo, nikashike kiti?"

"Hutaki mtaro ufunikwe?"

Akaiweka nyundo chini. 

"Nikipata uenyekiti hata siku moja," alisema, "nitakwenda na watu getini kwake. Tutaibeba ile mifuniko yetu kumi na minne, mmoja baada ya mwingine, tuirudishe mahali pake. Kesho yake waniondoe, sitalalamika. Lakini mtaro utakuwa umefunikwa."

"Basi hiyo ndiyo ilani yako, babu. Hatuhitaji nyingine."

"Na watu watanipa?"

"Kila mtu ana mtoto anayepita ule ubao."

Wakaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, msichana mbele na daftari, mzee nyuma na kofia mkononi. Mapokezi yalimtoa Katibu machozi. Muuza mkaa alimshika mzee mikono, akaacha alama nyeusi kwenye mikono ya shati lake. Mwalimu alisema hiyo si siasa, huo ni ubinadamu. Kinyozi aliapa mbele ya wateja watatu, mmoja akiwa amenyolewa nusu kichwa.

"Mzee, mimi ndiye nitakayepiga kelele kuliko wote. Usiponiona kwenye mstari wako, ninyoe kwa kipande cha chupa."

"Sitakuona, nitakuwa nimeelekea ukutani," alisema Mzee Soli. "Kanuni ya Katibu."

"Utanisikia basi! Hivi viatu vyangu si ndiwe uliyevipiga soli? Vinapiga ukelele kama bata."

Katibu hakuandika majina. Aliona si vizuri kumfunga mtu kwa maandishi. Aliandika idadi tu: mia moja na saba. Wanachama hai wa tawi hawakufika mia mbili.

*

Jumamosi ya uchaguzi kulipambazuka pakavu. Uwanja ulikuwa kati ya ofisi ya tawi na ukuta mrefu wa ghala. Msimamizi kutoka ngazi ya juu alikuja na filimbi, faili na usingizi machoni. Katibu alikuwa amechora kwa chokaa mistari miwili iliyonyooka kutoka ukutani mpaka kwenye bomba la maji.

Mwenyekiti alisimama kwenye lango la uwanja tangu saa mbili. Hakumtisha mtu. Hakununa. Alimpokea kila aliyeingia kwa mikono miwili.

"Dada mkaa, karibu. Yule mwanao bado yuko kituoni? Pole sana. Ile barua ya dhamana nimeikumbuka, njoo Jumatatu."

"Mwalimu! Uhamisho wako umefika mezani kwangu. Usiwe na wasiwasi, tutauangalia Jumatatu."

"Kinyozi wangu. Kibali cha kibanda kinaisha mwezi huu, nimekiona. Jumatatu, ndugu yangu, Jumatatu."

Kutoka kwenye meza yake Katibu hakuyasikia yote. Aliona tu watu wakicheka na kuitikia kwa vichwa. Aliona pia mama yake akifika, amevaa gauni lake la sherehe, na Mwenyekiti akimwinamia sikioni kuliko alivyowainamia wengine. Mama hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa kulia, akasimama wa kwanza, mgongoni kabisa kwa Mzee Soli.

Filimbi ikalia. Watu wakaenda. Kwa muda kulikuwa na vumbi na kuitana na kuvutana mikono, kisha vumbi likatulia na Katibu akaona jambo ambalo kwa miezi minne alikuwa akiliona ndotoni tu. Mstari wa Mwenyekiti haukufika hata bombani. Mstari wa Mzee Soli ulipita bomba, ukapinda, ukaingia kwenye kivuli cha ofisi. Muuza mkaa alikuwamo. Mwalimu alikuwamo. Kinyozi alikuwamo, akitembeza mguu mahali alipo ili kiatu kilie, watu wanamcheka. Mzee Soli alikuwa ameegemeza kiganja kwenye ukuta wa ghala, kichwa amekiinamisha, anasikiliza.

Katibu akasimama.  "Dakika kumi za kutafakari zinaanza sasa."

Hapo ndipo Makamu wa Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani na mkufu mzito, alipotoa simu yake.

"Kwa kumbukumbu za chama," alisema. "Uwazi. Si ndivyo, Katibu?"

Katibu akafungua kanuni zake. Alizipitia moja mpaka kumi na mbili. Hakukuwa na hata moja iliyozungumzia simu.

Makamu hakuupiga picha mstari wa Mwenyekiti. Alianzia mkiani mwa ule wa Mzee Soli, akawa anasogea polepole, simu imeinuliwa usawa wa nyuso, na kila alipofika alitaja kwa sauti tamu. "Huyu hapa ni fundi bomba wetu. Tabasamu basi, fundi! Na huyu ni dada yetu wa mkaa, mwanawe ana kesi kidogo. Huyu mwalimu. Mwalimu, mbona umeinama? Inua uso, tukuone."

Muuza mkaa ndiye aliyeanza. Alitoka mstarini na kuvuka uwanja, kandambili zake zikiburura changarawe.

Mzee Soli, uso ukutani, akauliza kama alivyouliza siku zote pale barazani, bila ubaya wowote, "Dada mkaa, waenda wapi?"

Yule mama akaganda katikati ya uwanja. Watu wote wakaganda. Kisha akatembea tena, haraka, akaingia mstari wa Mwenyekiti, akauficha uso nyuma ya bega la mtu.

Aliyefuata alikuwa fundi bomba. Huyo hakukosea. Aliinama kwanza, akavua viatu, akavishika mkononi, ndipo akaondoka.

Likaenea kama moto wa nyasi.  Watu wazima, wenye ndevu, wenye wajukuu, waliinama mmoja mmoja wakafungua kamba na vishikizo, wakavuka uwanja peku wakinyata. Uwanja ulikuwa na vipande vya chupa. Walivikwepa, wakirusha miguu kama kuku aliyekanyaga maji. Katibu aliwaangalia akidhani anaota. Alitaka kupiga kelele, lakini kanuni ilisema mtu ahame kwa hiari yake, na hakuna aliyekuwa amemgusa mtu.

Mwalimu akavua. Kinyozi naye akabaki na watu wawili nyuma yake, kisha mmoja, kisha nyuma yake hakuna mtu. Akamtazama Katibu, akafungua mdomo kama mtu mwenye utani tayari. Utani haukuja. Akainama, akavivua vile viatu vyake viwili taratibu mno, akavikumbatia kifuani visilie.

Akabaki mama yake Katibu, kule mbele.

Makamu alizima simu. Alimsogelea mama na kumnong'oneza kitu kifupi. Mama aliuangalia mgongo wa Mzee Soli, shati lile lenye kiraka begani ambacho yeye mwenyewe alikishona. Halafu akageuka, akamtazama binti yake kule mezani. Katibu alitikisa kichwa: usiende. Mama yake hakuacha kumtazama. Akiwa bado anamtazama, alipitisha mguu mmoja nje ya kiatu, kisha wa pili.

Filimbi ikalia. Dakika kumi zilikuwa zimekwisha.

"Katibu, hesabu," alisema msimamizi.

Alianza na mstari wa Mwenyekiti kwa sababu ulikuwepo. Aligusa bega moja moja na kutaja namba kwa sauti, kama kanuni ilivyotaka. Mabega mengine yaliruka alipoyagusa. Bega la mama yake lilikuwa namba mia moja sabini na tisa, na namba hiyo aliitaja sawasawa na nyingine.

Kisha akavuka uwanja peke yake. Viatu vyake vililia kwenye changarawe.

"Ni wewe, Katibu," alisema Mzee Soli. Kiganja chake kilikuwa bado ukutani.

"Ni mimi, babu."

"Wangapi?"

Katibu aliitazama changarawe tupu nyuma ya mzee.

"Sema, mwanangu. Nimesikia mmoja akiondoka. Baadaye sikusikia kitu, nikajua wamebaki. Wangapi?"

Katibu alipita chokaa na kusimama nyuma yake. Akaweka kiganja kifuani pake mwenyewe.

"Mmoja," alisema.

"Hapana, hapana," msimamizi alisema kutoka mezani, akipekua karatasi. "Katibu hapigi kura. Kanuni ya tano. Umeiandika mwenyewe."

"Basi mimi si katibu tena."

"Kujiuzulu ni kwa maandishi, siku saba kabla ya uchaguzi. Kanuni ya tisa."

Mtu mmoja akacheka kwenye ule mstari mrefu. Kilikuwa kicheko cha kuponyoka, kama kikohozi, na kikafa hapo hapo. Msimamizi akasubiri. Jua lilikuwa limepanda. Mwenyekiti, uso ukutani upande wake, hakuwa amegeuka hata mara moja. Alikuwa ameitii kanuni kuliko wote.

"Sema, mwanangu," alinong'ona Mzee Soli. "Usijivunjie heshima kwa ajili yangu."

"Hakuna, babu," alisema Katibu.

Mzee Soli akageuka. Hakumwangalia Katibu. Aliuangalia mstari wa pili, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na macho yake hayakuwa usoni kwa mtu. Yalikuwa chini. Aliviangalia viatu vilivyoning'inia mikononi, vilivyobanwa makwapani, vilivyofichwa nyuma ya migongo. Karibu vyote alikuwa amevipiga nyundo yeye. Watu walisubiri awatukane. Wengine walitaka sana awatukane.

"Vaeni viatu," alisema. "Kuna chupa hapo chini. Mtaumia."

*

Barua ya kazi ilipigwa muhuri Jumatatu asubuhi. Mama aliileta mwenyewe, akaiweka mezani, akaiwekea kikombe juu isipeperuke. Ilikuwa nafasi ya ualimu kwenye mji mwingine. Katibu aliiomba zamani kupitia ofisi ya mtaa, hata akasahau kwamba kuna atakayejibu.

"Hii ndiyo aliyokuambia Mwenyekiti langoni?"

"Alisema ameiona mezani kwake. Makamu akasema barua huweza kukaa kwenye droo, na droo ina kufuli."

"Mama, ulikuwa wa kwanza kwenye mstari. Kifungo alikuwa akilala miguuni pako."

"Usimtaje." Mama alikaa. Vidole vyake vilikuwa vinatafuta uzi mahali pasipo na uzi. "Nilimshonea sare. Nilimshonea na ile ya mwisho. Usinifundishe kumkumbuka."

"Ukampigia kura Bwana Muhuri."

"Sikumpigia yeye. Nilikupigia wewe."

 Hakuna kanuni aliyowahi kuiandika iliyomwandaa kwa hilo. Katibu aliiacha barua chini ya kikombe, akachukua kalamu, akaandika ya kwake, ya kujiuzulu, mistari miwili, akaipeleka ofisini. Makamu aliisoma, akampa pole, akaitia kwenye faili.

Kwenye baraza alimkuta Mzee Soli anafunga vitu. Nyundo, sindano kubwa, makopo ya gundi, kigoda. Vyote viliingia kwenye gunia moja. Alikuwa anakwenda kwa dada yake, mbali. Viatu ambavyo havijachukuliwa alikuwa amevipanga ukingoni mwa baraza jozi kwa jozi, vimekwisha kutengenezwa, vimeng'arishwa. Hakuna mwenye viatu aliyekuja.

"Babu, ni mimi niliyekuponza," Katibu alisema. "Ningeacha sanduku. Ningeacha karatasi."

"Tungeibiwa."

"Ndiyo. Lakini ungeibiwa tu."

Mzee akakaza kamba ya gunia kwa meno, akaitema. Alifikiri kidogo, kama fundi anayeulizwa kama kiatu kinatengenezeka.

"Na kweli," alisema. "Kwa sanduku ningeshindwa, nikarudi hapa nikasema, watu walinipa, yule mwizi ndiye aliyeninyima. Ningekuwa na majirani. Ningekufa nao." Akalinyanyua gunia begani. "Wewe hukunidhulumu, mwanangu. Umenionyesha tu. Ila mimi nilikuwa sijaomba kuonyeshwa."

Katibu alimsindikiza mpaka barabara kuu, amembebea kigoda. Kinyozi alikuwa mlangoni kwake na mkasi mkononi. Aliwaona, akaingia ndani, akafungua redio.

Mwenyekiti aliapishwa Jumatano. Katika hotuba yake alisema uchaguzi wa tawi lile ulikuwa wa uwazi kuliko yote, na kwamba matawi mengine yangeiga kanuni zake. Zikachapwa nakala.

Alhamisi mvua ilinyesha alfajiri, kubwa, ya ghafla. Katibu, ambaye sasa hakuwa katibu wa kitu chochote, aliamka, akavaa mabuti ya mama yake, akatoka. Alishuka kwenye ukingo wa mtaro mahali penye ubao, akachimbia kisigino kwenye udongo, mkono mmoja akashika nguzo ya ua, mwingine akaunyoosha. Maji yalipita chini yake yakiwa na rangi ya kutu. Hakuwa na mpango. Aliona tu kwamba watoto watapita, na ubao umelowa.

Walikuja saa moja kasoro, kwa vikundi, wakiwa na mama zao na dada zao. Dirisha la ofisi ya tawi lilikuwa wazi, na Makamu alikuwa dirishani anakunywa chai. Wa kwanza, mwanamke wa nyumba ya tatu, alimwona Katibu, akaliona dirisha, akasimama.

"Vuka mwenyewe," alimwambia mwanawe. "Vuka, wewe mkubwa."

Mtoto akavuka. Mguu ukateleza kidogo ng'ambo, akajishika kwenye nyasi, akakimbia. Wa pili akavuka. Wa tatu mama yake akambeba, akavuka naye akitetemeka, bila kuutazama mkono uliokuwa umenyooshwa hapo hapo kando yao. Mvua ilimwingia Katibu shingoni. Mkono ulianza kufa ganzi, hakuushusha.

Muuza mkaa alikuja wa mwisho, na kijana wake mdogo, wa darasa la kwanza. Mkubwa alikuwa ametolewa kituoni Jumatatu. Alifika ukingoni, akasimama.  Alitazama maji. Alitazama ubao. Alitazama dirisha, na Makamu alikuwa bado yupo.

Kisha akauachia mkono wa mtoto, akavuka peke yake, akaenda zake mbele bila kugeuka, kama mtu asiye na mtoto. Yule kijana akabaki ukingoni, amechanganyikiwa, akimtazama mama yake anavyokwenda. Halafu akautazama mkono.

"Njoo," alisema Katibu. "Taratibu. Shika kwa nguvu."